Kula Kitanda

"Hivi huyo Profesa wako, huko chuoni anakula nini?"

Jirani yangu, muuza mkaa, aliniuliza hivyo siku moja nikiwa nimeinamia cherehani barazani, pini zimejaa mdomoni. Nilizitoa kwanza. Nikamwambia, "Anakula chakula. Kwani wako akienda shule hula chaki?" Akacheka mpaka akashika kiuno, akajitwika gunia lake akaenda zake. Swali hakuondoka nalo. Aliliacha pale barazani, na kila nilipokaa kushona nililikuta linanisubiri.

Profesa ni binti yangu wa mwisho. Jina hilo walimpa watoto wa mtaani tangu akiwa darasa la tatu, kwa sababu alikuwa akisoma hata karatasi za kufungia karanga. Baba yake alifariki yeye akiwa bado wa kubebwa mgongoni, nami nikabaki na watoto, cherehani na Mungu. Wakubwa zake waliishia njiani, mmoja kwa kuolewa, mwingine kwa kuchoka tu. Huyu akafika chuo kikuu. Mimi niliishia shule ya msingi, kwa hiyo mambo ya chuo nayajua kwa kusimuliwa, na msimulizi wangu ni yeye mwenyewe. Aliniambia wanapewa mkopo, na ndani ya mkopo kuna pesa ya kujikimu, yaani ya kula, ya sabuni, ya kuchapisha makaratasi ya masomo. Nikashusha pumzi. Nikaona mzigo umepata kichwa cha pili.

Kilichomfurahisha kuliko vyote kilikuwa kitanda. Vitanda vya bweni ni vichache na wanafunzi ni utitiri, kwa hiyo hupigwa kura. Asiyepata anakwenda kupanga mitaani, kodi juu, na njia ya kutoka maktaba gizani kila mtu anajua ilivyo. Binti yangu alipata. Alinipigia simu analia mpaka nikadhani kuna msiba. "Mama, nimepata kitanda!" Nilipiga magoti pale pale juu ya vipande vya vitambaa nikamshukuru Mungu. Kisha nikamshonea shuka. Kitambaa cheupe, pindo la kijani, kijani chenyewe mabaki ya sare za shule. Pindo nililipiga mshono mara mbili, maana wanafunzi hufua kwa hasira.

Basi, kila nikipiga simu namuuliza, "Umekula?" Anajibu, "Nimeshiba, mama." Nikipiga asubuhi, ameshiba. Nikipiga mchana, ameshiba. Mtu gani huyo ameshiba saa zote? Sauti ya mtu aliyeshiba naijua, ni nzito kidogo, inajivuta. Hii ilikuwa nyepesi kama uzi wa bei rahisi. Halafu nikasikia redioni kwamba pesa ya kujikimu imechelewa, wanafunzi wanaombwa wawe na subira. Nikamuuliza.

"Itakuja tu, mama. Tunajibana."

"Mnajibanaje?"

"Tunajibana tu, mama. Usijali."

Ukiambiwa usijali na mtoto wako, hapo ndipo unapoanza kujali.

Shemeji yangu, mume wa dada yangu, ni dereva wa lori la mbao. Alipopata safari ya kupita mji wenye chuo nilimwomba anichukue. Nilifunga mchele, maharage, karanga za kukaanga, na chupa ya mafuta nimeizungushia matambara isivunjike. Asubuhi nilimpigia binti, simu haipatikani. Nikasema vizuri, nitamfanyia ghafla. Njia nzima mimi nasali kimoyomoyo, shemeji anapiga honi.

Mlinzi wa getini alinitazama na mizigo yangu. "Mama, hayo maharage unauza?"

"Nauza nini? Naleta chakula cha mwanangu."

"Mmoja tu?" Akatikisa kichwa. "Ungekuja na lori lile likiwa limejaa hayo badala ya mbao. Humu ndani wote wangekuita mama." Alisema kwa utani, lakini hakucheka. Akanionyesha bweni la wasichana.

Nilipanda ngazi napumzika kila kona. Ukumbini kamba zimefungwa dirisha kwa dirisha, nguo zinadondosha maji. Ukutani pamebandikwa tangazo kubwa, marufuku kupika vyumbani, na chini ya tangazo lenyewe harufu ya kitunguu kinachoungua. Chumba cha binti yangu kilikuwa wazi. Vitanda vya chuma vya juu na chini, masanduku, ndoo zilizotiwa alama kwa rangi ya kucha ili zisiibwe. Msichana mmoja mwenye miwani alikuwa mezani anasoma. Pembeni ya vitabu vyake kulikuwa na hotipoti nyekundu, na juu ya kifuniko vijiko viwili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Namtafuta binti yangu." Nikamtaja.

"Ooh, Profesa!" Kumbe jina lilimfuata mpaka huku. "Yuko kwenye jaribio, mama. Simu wanazimishwa. Kitanda chake kile." Akaonyesha kwa mdomo kitanda cha chini, dirishani.

Nikaona shuka zangu, pindo la kijani, mshono wangu wa mara mbili. Ndani ya shuka zangu mlikuwa na mtu. Msichana mrefu ajabu, miguu imepita chuma cha kitanda na kuning'inia nje, pindo langu amelivuta mpaka kidevuni, anakoroma.

"Wewe binti. Amka."

Akafungua jicho moja. "Nani?"

"Mimi ni mama wa mwenye kitanda hiki."

"Mwenye kitanda hiki ni mimi, mama," akasema, ulimi mzito kwa usingizi. "Muulize mwanao. Tulishamalizana." Akageukia ukutani.

Niliinama kuweka mizigo, ndipo nikaona chini ya kitanda godoro jembamba limeviringishwa na kufungwa kwa kitambaa cha kichwa. Kitambaa hicho nilikishona mimi. Nikamgeukia yule wa miwani.

"Mwanangu analala wapi?"

Akatazama kitabu chake. "Hapo chini, mama. Katikati ya vitanda."

"Kwa nini?"

"Mama, msubiri mwenyewe. Hachelewi."

Sikumsubiri. Hapa lazima niseme jambo ili mtu anielewe. Mume wangu alipozikwa, ndugu zake waliingia chumbani kwangu wakabeba kitanda. Mimi nimekaa chini sakafuni nawaangalia. Walisema ni cha kaka yao. Kulikuwa na mama mmoja pale, tulinunua naye kile kitanda sokoni, pesa yangu ya kushona, akashuhudia kwa macho yake. Nikamtazama. Akatazama pembeni. Na mimi nikaambiwa nisiseme neno, nivute subira, nami nikanyamaza. Usiku ule nikamwahidi Mungu kwamba mtu akidhulumiwa mbele yangu, mdomo wangu hautafungwa tena.

Basi nikashuka zile ngazi, magoti hayakuniuma hata kidogo.

Ofisi ya kwanza waliniambia si hapa. Nikaelekezwa dirisha jingine, kijana akanitaka nijaze fomu. Nikamwambia mwanangu analala sakafuni, hilo linajazwa wapi? Akasema subiri mwenye jambo lake. Mwenye jambo lake ametoka. Nikakaa kwenye benchi, nikasimama, nikakaa tena, watu wanapita na mafaili kifuani kana kwamba wamebeba watoto. Mwisho mfagiaji mmoja alinihurumia akanipeleka kwa mlezi wa bweni, mama mnene mwenye shada la funguo kiunoni. Alikuwa anachovya mkate kwenye chai.

Nilimweleza yote kwa kusimama. Kwamba kuna msichana amemnyang'anya binti yangu kitanda na anakilalia mchana kweupe kama malkia, na mwenye kitanda yuko sakafuni.

"Mama mwenzangu," akasema, mkate umesimama njiani, "una hakika?"

"Shuka nimeshona mwenyewe."

"Nakuuliza tena, una hakika unataka nije? Maana mimi nikija, nimekuja. Siwezi kuona nikasema sijaona."

"Ndicho ninachotaka."

Akaweka mkate chini. Alinitazama kidogo, kisha akachukua funguo zake.

Tulipofika ukumbini nilisikia, "Kufuli! Kufuli!" na miguu inakimbia, milango inafungwa, masufuria yanasukumwa chini ya vitanda. Kumbe ndilo jina walilompa. Hata hakugeuka. Chumbani, yule mrefu alikuwa ameketi wima, usingizi wote umemwisha. Wenzake wanamwita Mlingoti. Aliponiona niko nyuma ya Kufuli alifumba macho.

"Kitanda hiki cha nani?" Kufuli akauliza.

Na hapo ndipo binti yangu alipoingia, karatasi mkononi, anacheka bado na mtu aliyemwacha ukumbini. Shingo imerefuka. Mifupa ya mabega imetokeza kwenye blauzi niliyomshonea ikiwa inamkaa sawasawa. "Jamani, lile swali la tatu, nililisoma jana!" Akatuona. Tabasamu lilibaki mdomoni lakini macho yalishaondoka.

"Mama?" Akamtazama Kufuli, akanitazama tena. Hakuniuliza nimefika lini. "Mama, umefanya nini?"

Kufuli aliitwa ukumbini, jiko la umeme lilikuwa limeonekana chumba cha pili na kuna msichana anabishana. Akasema, "Msitoke mtu," akatoka. Binti yangu akanivuta mpaka dirishani, mkono wake baridi.

"Hajaninyang'anya. Nilimpa mimi."

"Umpe kitanda ulichokililia?"

Akaonyesha hotipoti nyekundu. "Mjomba wake ana duka la nafaka hapo sokoni. Anapika kwa mjomba wake, analeta hapa, tunakula wote. Kwa mjomba chakula kipo, pa kulala hapana, watoto wanalala mpaka jikoni. Yeye ana chakula hana kitanda. Mimi nina kitanda sina chakula. Hesabu ngumu hiyo, mama?"

"Si mngelala wote wawili?"

"Tulilala. Mzungu wa nne, kichwa huku, miguu kule. Miguu yake umeiona? Mimi nilikuwa naamka na vidole vyake puani. Kila mtu anakwenda darasani anasinzia. Ndiyo nikashuka chini."

"Kwa hiyo unakula kitanda."

"Ndiyo, mama. Nakula kitanda." Sauti ilianza kumpanda, akaishusha. "Kuna mwenzetu anakula kompyuta, aliiuza mwezi uliopita, sasa anaandika kazi zake kwenye simu ya rafiki yake. Huyo wa miwani anakula usingizi, anaosha vyombo mgahawani mpaka alfajiri. Mimi cha kula nilikuwa na hicho. Na kilikuwa kinanifikisha. Mitihani inaanza Jumatatu. Tulishapanga kila kitu mpaka siku ya mwisho."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungefanya nini? Ungeuza cherehani."

Nilitaka kubisha. Lakini ni kweli ningeuza.

Kufuli akarudi, jiko la umeme kwapani, waya unaburuta. Mlangoni nyuma yake wasichana wamejaa. Akasimama katikati ya chumba akasema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kusema maneno hayo mara nyingi:

"Sheria mnaijua. Anayepangisha kitanda anakipoteza, na aliyepangishwa anatoka. Wote wawili, leo. Mtu akinyang'anywa, hiyo ni habari nyingine. Aliyenyang'anya anatoka, jina lake linakwenda kamati ya nidhamu, na mwenye kitanda anabaki kitandani kwake." Akanigeukia. "Mama alikuja ofisini akaniambia binti yake kanyang'anywa. Hilo nimelisikia. Mimi naandika nilichosikia. Kama mama hana la kuongeza, naandika hivyo nikamalizie chai yangu."

Alilisema polepole, akinitazama machoni, mpaka nikaelewa. Alikuwa amenifungulia mlango, kilichobaki ni mimi kukaa kimya.

Binti yangu alikuwa ameshika chuma cha kitanda. Hakunitazama. Alitazama mkono wake mwenyewe.

"Andika, mama," Mlingoti akasema ghafla. "Nilimnyang'anya. Si ndivyo? Andika tu."

"Wewe sijakuuliza," Kufuli akasema. "Namsubiri mama."

Nikatazama hotipoti. Kijiko kimoja kati ya vile viwili kilikuwa changu, cha nyumbani, chenye mpini uliopinda, nilimtilia kwenye sanduku siku anaondoka. Wakati wote nilipokuwa naambiwa "nimeshiba, mama," kama alishiba siku yoyote basi ni kwa mkono wa huyu mwenye miguu mirefu. Na sasa nikae kimya aitwe mwizi wa kitanda mbele ya umati. Nikamwona yule mama wa msibani, anavyotazama pembeni. Nikasema moyoni, Mungu wangu, si ningefika kesho. Si angalau ningeketi nikamsubiri mtoto amalize jaribio lake.

"Mlezi," nikasema, "hakunyang'anywa. Mimi ndiye niliyekosea. Walipatana wenyewe. Huyu amekuwa akimlisha mwanangu."

Mlangoni mtu akasema, "Yesu!" Kufuli akashusha pumzi ndefu kupitia puani. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Haya. Funguo ya kabati."

"Mlezi, mitihani ni Jumatatu. Wape hata hizo siku."

"Ungeniambia haya ofisini, mimi na wewe na mkate wangu, ningeweza kuwa kiziwi. Hapa bweni zima limesikia, mama mwenzangu. Na mimi nina wakubwa zangu." Akanyoosha mkono. Binti yangu akaitoa funguo kwenye mfuko wa blauzi akaiweka kiganjani mwake. "Kabla ya jioni," Kufuli akasema, akaondoka, waya wa jiko unamfuata kama mkia.

Wale wa mlangoni hawakuondoka. Yule wa miwani alikuwa anafungua ukurasa ule ule na kuufunga. Mlingoti aliinuka, akaanza kutafuta viatu vyake chini ya kitanda, akavipata, akaketi navyo mikononi bila kuvivaa.

"Mama," binti yangu akasema, "ungekaa kimya tu. Kukaa kimya si uongo."

"Angefukuzwa mwenzio kwa jambo asilofanya."

"Tungemrudisha!" Sasa hakuishusha sauti. "Kesho kutwa angekuwa amerudi hapa hapa. Unadhani wangapi wameshafukuzwa humu? Wanatoka mlangoni kwa majina yao, wanarudi kama wageni wa fulani, na kamati yenyewe inakaa baada ya mitihani. Kufuli anajua. Ndiyo maana alikungoja! Mwanamke yule hamngojei mtu, mama, na leo alikungoja wewe!"

"Mimi sikujua."

"Hukuuliza! Kila siku unaniuliza kama nimekula. Leo ungeniuliza kitu kimoja tu, kabla ya kwenda ofisini. Kimoja."

Nilikuwa na majibu. Nilikuwa nayo mengi, ya haki, ya Mungu, ya kitanda changu kilichobebwa. Nikainama nikafungua mzigo, kwa sababu mikono yangu haijui kukaa bure.

"Tazama," nikasema. "Nimeleta mchele. Maharage haya hayana wadudu, nimechambua mwenyewe. Mafuta haya hapa. Vinatosha mpaka mtamaliza mitihani, wewe na mwenzio."

Akaangalia ule mchele.

"Nitaupikia wapi, mama? Nitaulia wapi?"

Hapo ndipo nikaiona hesabu yake ilivyogeuka. Asubuhi alikuwa na kitanda hana chakula.

Hakungoja jibu. Alivuta shuka, akazikung'uta, akamshikisha Mlingoti ncha mbili, wakazikunja wote wawili, pembe kwa pembe, kama nilivyomfundisha akiwa mdogo hajafika kimo cha meza ya cherehani. Pindo la kijani likalala juu ya pindo la kijani, halijaachia uzi hata mmoja. Akaziweka juu ya gunia la mchele, mbele ya miguu yangu. Kisha akaingia chini ya kitanda akatoa lile godoro lililoviringishwa, akalipachika kwapani, akachukua vitabu vyake mezani.

"Mwanangu," nikasema. "Shemeji yangu yuko na lori getini. Tunaweza…"

Lori lile lilikuwa la kwenda nyumbani, na mtihani uko hapa.

Akapita pembeni yangu, wenzake wakamwachia njia mlangoni, akatoka.